Kazi Hutafutwa Matangani

Kofi la kwanza nililopigwa baada ya kuhitimu chuo kikuu nilipigwa na baba yangu mzazi, uani kwetu Tezo, mbele ya kuku. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nasoma gazeti la juma lililopita, ukurasa wa nafasi za kazi, na yeye alikuwa ameshavaa koti lake la kwendea misiba. Aliniambia niinuke twende Kaloleni kuzika. Nikamjibu kwamba marehemu simjui, na kwamba mtu mwenye shahada ya historia na jiografia hana haja ya kushinda kwenye matanga ya watu baki akila wali wa bure. Lile kofi sikuliona likija. Niliona gazeti liko chini na kuku mmoja analikanyaga.

"Unafikiri kazi imo humo kwenye gazeti?" akaniuliza. "Waliopata kazi hawakuisoma gazetini. Kazi hutafutwa matangani. Inuka."

Nilikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu. Nilikunja ngumi. Hasira kwetu ni urithi, na katika mgawo wake mimi sikupunjwa. Lakini baba hapigwi, hata uwe na shahada tatu, basi nikainuka, nikafunga tai, nikamfuata.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Wale waliotutangulia chuoni walikuwa wakipokewa na serikali kabla jasho la mtihani halijakauka. Sisi tulipotoka lango lilikuwa limefungwa. Nilikaa nyumbani zaidi ya mwaka nikipalilia mahindi na kuokota korosho za baba, huku jirani wakiniita "profesa" kwa sauti ambayo kila mara ilinifanya nitamani kumrushia mtu jembe. Shule zilitaka walimu, ila zilimtaka mtu aliyesomea ualimu, na mimi sikuusomea. Njia iliyobaki ilikuwa moja: kurudi Nairobi kusomea diploma ya ualimu kwa wahitimu. Nafasi zilikuwa chache, na jina lako halikufika mbali kama halikupendekezwa na mkubwa wa mambo ya elimu wa huku kwenu. Huyo mkubwa hakujua kama nimezaliwa.

Baba, ambaye hakupata kukaa darasani, alilifahamu jambo hili kuliko mimi. "Ofisini mkubwa ana karani mlangoni," aliniambia tukiwa kwenye feri ya Kilifi, shavu langu bado la moto. "Matangani hana karani. Anakaa mkekani kama mimi na wewe. Lakini usimwendee ukamsalimia kama ombaomba. Pasua kuni. Pasua pale atakapokuona."

Nikapasua kuni na tai shingoni. Watu walicheka, na mimi nikazipiga zile kuni kwa hasira niliyokuwa nayo juu ya baba, zikapasuka upesi. Kufika adhuhuri mnazi, yaani pombe ya mnazi, ulikuwa umewaingia watu vichwani. Watoto wawili wa marehemu, watu wazima wenye wake na watoto, wakaanza kubishana ni nani aliyemroga baba yao. Kwetu mtu hafi hivi hivi. Lazima awepo mtsai, yaani mchawi, na mtsai lazima atajwe jina. Mkubwa akamtaja mke wa mdogo wake. Mdogo akanyakua panga la waliokuwa wakichinja ng'ombe.

Kaka mtu aliinua mkono kujikinga. Vidole vyake vikabaki vinaning'inia kwa ngozi, na damu ikaruka mpaka kwenye sufuria za wali. Watu walirudi nyuma. Mimi nina tabia ya kuingilia. Nilimpiga yule mwenye panga nyuma ya goti kwa mpini wa shoka, akaanguka, nikamkalia mgongoni mpaka wengine wakamnyang'anya. Kisha nikavua tai nikaikaza kwenye kifundo cha mkono wa aliyekatwa, nikakaza na kukaza, naye akinitukana mama yangu kwa uchungu, hadi damu ikapungua.

Nilipoinua kichwa nilimkuta mtu mnene mwenye suti ya Kaunda amesimama mbele yangu.

"Wewe ni daktari?"

"La, mzee. Nimesomea historia."

"Historia ndiyo iliyokufundisha kufunga vidole?"

"Nimesoma vita vingi, mzee."

Akacheka, akaniuliza ni mtoto wa nani. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa elimu. Baba alikuwa nyuma yangu tayari, amevua kofia, na mvi zake zote zinang'aa juani. Akamweleza habari zangu kwa maneno machache mazuri, bila kuomba kitu. Njiani tukirudi alikuwa na furaha hata akaimba. Mimi nilikuwa nanuka damu ya mtu mwingine, na nilikuwa namchukia yeye, wimbo wake na yule mnene.

Lakini nilikwenda. Kwa miezi mingi nilikwenda kila msiba ambao yule afisa alitazamiwa kufika. Nilichimba makaburi, nilichinja mbuzi, niliamua ugomvi. Niliwajua watu wa Ganze na wa Kaloleni niliokuwa sina habari nao. Sasa afisa alikuwa akiniita kwa jina, na kila tulipokutana alisema, "Jina lako nitalipeleka." Halikupelekwa. Nilimwambia baba kwamba fadhila za punda ni mashuzi, naye akaniambia punda anayeharakishwa hupiga teke.

Kisha mama yake afisa akalazwa Malindi. Alikuwa bibi kikongwe kutoka Marafa, na kule nyumbani wanawe wengine, ndugu zake afisa waliobaki kulima, walikuwa wamekataa katakata asipelekwe hospitalini. Walitaka mganga. Afisa akaja na gari akambeba kwa nguvu, wakatukanana mpaka wakashikana mashati mbele ya mama yao. Haya yote tuliyasikia wodini. Baba aliona mlango umefunguka. "Mwenye mgonjwa hamsahau aliyemwangalia mgonjwa wake," alisema. Basi tukawa tunakwenda Malindi na madafu. Nilimgeuza yule bibi kitandani, nilimnywesha, na yeye akawa ananiita mume wake, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu. Ukweli ni kwamba nilianza kumpenda. Nilianza kwa hila nikamaliza kwa mapenzi.

Asubuhi moja tulifika tukamkuta afisa kwenye ngazi za wodi, macho mekundu. Mama alikuwa amekwishafariki. Tukampa pole. Akanishika bega akasema, "Mimi nina mambo ya kumaliza hapa. Wewe tangulia Marafa, uwaambie ndugu zangu. Nitakuja na mwili." Kisha akaongeza, "Na lile jambo lako ni la wiki hii. Naapa kwa huyu aliyelala humo ndani."

Nilijisikia mrefu. Mkubwa amenituma nyumbani kwake, mimi, na si mtu mwingine. Baba alisubiri mpaka tukatoka nje ya geti ndipo akanishika mkono. Habari ya kifo, aliniambia, hubebwa na mtu wa ukoo, mpwa au mkwe, na humfikia kwanza mzee wa mji, yaani mkuu wa boma, pembeni, kabla ya mtu mwingine kusikia. Mtu baki anayefika na kifo mdomoni huulizwa alikijuaje. "Huyu mtu amesoma mpaka amesahau kwao," alisema. Nikamwambia turudi ndani tukamwambie atafute mtu mwingine. Akanitazama. Alikuwa anafikiri juu ya lile la wiki hii, nami nilikuwa nafikiri hilo hilo.

"Twende wote," akasema mwishowe. "Wewe utanyamaza. Mdomo wangu unazijua njia za maneno haya."

Marafa tulifika jua limekwishapanda, udongo mwekundu unawaka. Baba aliuliza kwa heshima aliko mzee wa mji. Mzee wa mji hakuwepo, alikuwa amekwenda kuangalia ng'ombe. Waliokuwepo ni wale ndugu wa afisa, watatu, na chupa za mnazi miguuni. Walimtaka baba aseme alichojia. Akakataa, akaomba asubiri mzee. Wakamzingira.

"Sema, mzee. Umetoka wapi?"

"Nimetoka Malindi, mwanangu."

"Malindi wapi?"

Baba akasema maneno yanayotakiwa, kwamba mti umeanguka, kwamba nyumba imebaki wazi. Aliyasema vizuri sana. Nyuma yetu mwanamke aliyekuwa akitwanga aliuacha mchi, akapiga ukunga.

"Wewe si wetu," akasema yule mkubwa wao. "Nani amekutuma?"

"Ndugu yenu."

"Ndugu yetu anatuma mzee tusiyemjua, mwenye mvi? Wewe ulikuwa unafanya nini kitandani kwa mama?"

Baba akafanya kosa la kusema kweli. Akasema alikuwa akimletea madafu. Nikaona nyuso zao zinabadilika. Mtu baki, mzee, kichwa cheupe, ambacho kwetu ndicho alama ya mtsai, amekuwa akimnywesha mama yao kitu kila siku, na leo amekuja wa kwanza kusema amekufa. Kwao kesi ilikuwa imekwisha hapo.

Ngumi ya kwanza ilimpata kwenye taya, na nililisikia likivunjika. Alianguka bila sauti. Walimpiga mateke kichwani, kifuani, mgongoni, wakisema "mtsai, mtsai," na watu wa jirani walikuwa wanakuja mbio na fimbo. Nilimrukia mmoja nikamng'ata sikio, nikatupwa. Nilipigwa na kitu ubavuni nikakosa pumzi. Nikaona yule mkubwa wao ameokota kuni ya mwiba, akamchoma nayo baba usoni mara moja, kwa nguvu, kama anayechimba. Baba akalia wakati huo tu. Nikaukamata ule mchi wa kinu ulioachwa chini na kumpiga nao yule mtu kwenye mkono mara mbili, mara ya pili nikijua kabisa kwamba pigo la kwanza limekwisha kuuvunja. Niliona raha. Niliuinua mara ya tatu nimpige kichwani, na ningempiga, ndipo gari la afisa likaingia.

Kila kitu kilisimama. Afisa alishuka, akaona baba chini, akaona mimi na mchi, akaona nduguze na mji mzima. Yule aliyevunjika mkono akamuuliza kwa kelele: "Huyu mzee, wewe ndiye uliyemtuma?"

Nilimtazama. Neno moja lilitosha. Lakini ndugu zake walikuwa wanamngoja ajibu pia kwa nini alimchukua mama yao akaenda kufia kwa wageni, na sasa palikuwa na mgeni wa kubeba hilo kosa.

"Mzee huyu sikumtuma," akasema.

Ilikuwa kweli. Alinituma mimi. Sijapata kusikia kweli chafu kama ile maishani mwangu. Hata hivyo, alitusaidia kumpakia baba kwenye gari lile lile lililoleta maiti, na dereva akatupeleka Malindi. Hakuna aliyetuzuia, kwa sababu mkubwa alikuwa amesema inatosha.

Jicho halikuokoka. Taya lilifungwa nyaya, na baba akawa anakunywa uji kwa mrija. Afisa alikuja baada ya mazishi, na karatasi mkononi. "Nimeshapendekeza jina," akaniambia. "Unakwenda Nairobi. Ndugu yangu naye hatashtaki mkono wake. Yaliyopita si ndwele." Alipotoka, baba alinishika nguo kwa vidole akanivuta karibu, akasema kati ya meno yaliyofungwa: "Pokea." Nikamwambia nitamwambia polisi kila kitu. Akalirudia lile neno lake.

Askari alipokuja alimuuliza baba nini kimemsibu. Baba akasema alianguka korongoni. Marafa kuna korongo kubwa la udongo mwekundu, kweli, na watu huanguka. Askari akafurahi, maana kazi ilikuwa imepungua. Akanigeukia mimi nami nikasema: "Hakuanguka. Alipigwa, na waliompiga nawajua. Na mmoja wao nilimvunja mkono mimi." Baba akafumba lile jicho lake moja.

Kesi ilifika mahakamani Malindi baada ya muda mrefu. Kabla ya hapo jina langu lilikuwa limekwisha kuondolewa kwenye orodha. Nilipata habari kwa karani mmoja niliyemsaidia kumzika baba yake, naye aliona haya kunitazama. Basi nilisimama kizimbani kama shahidi sina cha kupoteza. Nilisema yote: madafu, ngazi za wodi, nani alinituma, taya, mwiba, mchi. Nilisema nilitaka kuua, na kwamba gari lingechelewa kidogo ningeua. Hakimu aliacha kuandika akaniangalia.

Kisha akaitwa baba. Alivaa koti lake, kitambaa cheupe kwenye shimo la jicho. Akala kiapo, akasema alianguka korongoni. Hakimu akamuuliza, na huyu mshtakiwa aliyevunjika mkono?

"Naye alianguka, mheshimiwa."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

Watu wakacheka. Hakimu akamuuliza, basi mwanao anasema nini? Baba hakunitazama. Alisema, "Mwanangu amesoma sana, mheshimiwa. Kichwa kimechoka. Kazi hana."

Kesi ikafutwa. Nilitoka nje nikapiga ukuta wa mahakama kwa ngumi mpaka ngozi ikatoka. Nimepigwa mara nyingi maishani, na mateke ya Marafa yaliniachia mbavu zinazouma mvua ikinyesha, lakini pigo la baba kizimbani ndilo lililonilaza.

Pale ukutani ndipo aliponikuta mama mmoja wa makamo, mtu wa bara aliyehamia pwani zamani, mwenye miwani na mkoba mkubwa. Alikuwa afisa wa probesheni, wale wanaochunguza maisha ya mshtakiwa kabla hakimu hajaamua adhabu. Alikuwa amekaa nyuma akingoja kesi nyingine. Alinipa kitambaa nifunge mkono.

"Ndani mle," akasema, "ni wewe peke yako uliyesema jambo lililokudhuru mwenyewe. Unajua kuongea na watu wa vijijini?"

Nikamwambia nimezika watu kutoka Kaloleni mpaka Marafa.

Alinichukua nimfuate kazini bila mshahara. Nilikaa naye kwenye vibanda ambamo mtu amemkata shangazi yake panga kwa sababu ya mvi, nikawa nauliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza siku ile Marafa. Mara nyingi aliyefanya hivyo alikuwa ameketi mbele yangu analia. Wengine hawakulia. Nilijifunza kutowapiga. Baadaye mama yule aliniandikia barua kwa mwalimu wake wa zamani huko Nairobi, mwalimu akamwambia mwingine, na mwisho nikapata nafasi ya kusomea kazi hiyo, kwa gharama ya serikali. Niliifanya mpaka nilipostaafu.

Siku jibu lilipokuja nilimsomea baba uani. Tangu mahakamani tulikuwa tukizungumza mambo ya mvua na mahindi tu. Alikigeuza kichwa chote, kama alivyolazimika siku hizo ili kuniona, na taya lake lililokaa upande likafunguka kwa kicheko.

"Unaona," akasema. "Nilijua yule mtu hawezi kusahau. Kanyamaza, kasubiri maneno yapoe, kisha katimiza. Wewe ungeharibu kwa mdomo wako. Ni mimi niliyekuokolea."

Hasira ikanipanda. Nilitaka kumwambia kwamba yule mtu alinifuta, kwamba nafasi hii nimepewa na mwanamke asiyemjua, kwa sababu ya maneno yale yale aliyoyakana chini ya kiapo. Nilikuwa nimekwisha kuufungua mdomo. Yeye alikuwa amenyoosha mkono anaipapasa ile karatasi asiyoweza kuisoma, taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

"Jicho moja kwa mwana mmoja," akasema. "Si ghali."

Nikasema, "Ahsante, baba." Aliishi miaka mingine mingi, na alikufa akiamini kwamba jicho lake ndilo lililonisomesha. Sikupata kumwambia kwamba lilipotea bure.